Kaka anataka niweke cherehani rehani, na kila nikifungua Biblia napata jibu jingine

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tumepanga Fuoni na kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda Mwanakwerekwe. Nimezaliwa hapa hapa Unguja. Babu yetu alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akabaki. Sisi ni Wakristo, na mimi tangu mdogo nimelelewa kwamba jambo likikushinda, nenda kwenye Neno.

Jambo lenyewe ni hili. Kaka yangu mkubwa anavua dagaa kule Kama. Miaka yote amekuwa baharia kwenye boti za watu. Mwaka jana akapata boti kuukuu ya faiba, akailipa kidogo kidogo mpaka ikawa yake, na sasa inahitaji mashine. Ameomba mkopo wa shilingi milioni 9, arejeshe 590,000 kila mwezi kwa miezi 18. Wakopeshaji wanataka mdhamini, na mdhamini awe na kitu cha kushikwa. Kaka amenijia mimi. Anataka niandikishe cherehani zangu mbili, ya kawaida na ya kudarizi, pamoja na kiwanja tulichonunua mimi na mume wangu, ambacho mpaka leo kina msingi tu.

Mume wangu amesema hapana, na tangu aseme hataki tena mazungumzo hayo nyumbani. Lakini Shangazi, baba alipofariki, kaka ndiye aliyeacha skuli akaingia baharini ili mimi nisome. Sare zangu zilitoka kwenye dagaa. Nitamtazamaje usoni? Naye ameniambia maneno yaliyonichoma: "Wewe si ndiye unayekwenda kanisani kila Jumapili? Biblia yako inasemaje? Akuombaye, mpe."

Basi nikafunga siku moja, usiku nikaomba, nikafumba macho nikaifungua Biblia na kuweka kidole. Amini usiamini, kidole kikaangukia Mathayo mlango wa 5, pale pale penye "Akuombaye, mpe." Mwili ukanisisimka. Asubuhi nikasema nihakikishe, nikafungua tena, nikapata Mithali mlango wa 6, ambapo mtu aliyemdhamini mwenzake anaambiwa ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Nikachanganyikiwa. Mara ya tatu nikapata Mambo ya Nyakati, majina matupu, fulani akamzaa fulani. Nikalia.

Mwenzetu mmoja kwenye jumuiya ananiambia jibu la kwanza ndilo la Mungu, na kwamba hata watakatifu wa zamani walifungua kitabu hivyo hivyo wakaongozwa. Jirani yangu Muislamu, tunayependana sana, aliponiona nimekonda akaniuliza kwa nini nisifanye kama wao wanavyosali istikhara. Nikakosa la kumjibu. Sisi tuna nini, Shangazi? Mtu anautafutaje uongozi kwenye Biblia kwa jambo la fedha na ndugu, ajue kweli kwamba ameongozwa? Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi.

Fundi wa Fuoni

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kitu cha kwanza kilichonigusa ni hizo sare. Hilo deni la moyo ni la kweli, na sitakwambia ulisahau. Lakini nataka tulitenge na fomu, maana kaka yako ameyafunga pamoja, na wewe umeyabeba yote mawili kwa kamba moja.

Kabla ya fomu, tuanze na kidole. Wewe ni mtoto wa Unguja, unajua kupiga ramli ni kitu gani, na unajua wapo wanaotazamia kwa kitabu: unakwenda na shida yako, kitabu kinafunguliwa, unaambiwa nyota yako inasemaje. Ulichofanya usiku ule kina sura hiyo hiyo. Sikulaumu, ulifanya kwa dhiki na kwa saumu. Ila ona kilichotokea: ukurasa wa kwanza umekupeleka kulia, wa pili kushoto, wa tatu umekupa ukoo wa watu. Biblia haikuchanganyikiwa. Uliiuliza kwa namna ambayo haikuandikwa kujibu.

Huyo mwenzenu wa jumuiya nadhani anamkusudia Augustino. Ni kweli, mwaka 386, akiwa bustanini kule Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikisema twaa usome, akakifungua kitabu cha nyaraka za Paulo, na maneno ya Warumi mlango wa 13 yakamgeuza maisha. Lakini alichosoma kilikuwa kinamtaka aache ulevi na uasherati, jambo alilokuwa akilijua miaka mingi na kulikimbia. Na huyo huyo Augustino, alipokuwa askofu, aliandika barua kwa mtu aitwaye Januario akisema wanaobahatisha kurasa za Injili ni afadhali kuliko wanaokimbilia pepo, ila hapendezwi na maneno ya Mungu kugeuzwa chombo cha kuamulia shughuli za dunia. Mwambie mwenzenu asimkatishe mzee wa watu katikati.

Jirani yako naye usimwache bila jibu. Istikhara, kama anavyoijua yeye, ni sala na dua: mja anamwomba Mungu amchagulie lenye kheri. Hafumbi macho akaweka kidole kwenye msahafu. Na wenyewe huiandamanisha na kutaka ushauri kwa wanaojua. Muulize pia aya ya deni, ile ndefu katika sura ya Al-Baqara. Atakwambia kwao deni la muda linaandikwa na mashahidi wanawekwa. Sisi tunayo ya Yakobo mlango wa 1: "mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu." Sikiliza neno lenyewe. Anaambiwa aombe hekima. Hekima ni kitu unachopewa ukakitumia wewe mwenyewe, kwa akili yako, ukiwa macho.

Sasa tusome kwa macho wazi.

Anza kwa kuliandika swali lako kwenye karatasi, sentensi moja. Uliponiandikia ulikuwa na maswali matatu yamesongamana: je, nimsaidie kaka? Je, nimtii mume wangu? Je, niweke sahihi? La kwanza umeshalijibu moyoni, unataka kumsaidia. La pili linategemea la tatu. Swali lako basi ni hili: je, niweke rehani vyombo vinavyolisha nyumba yangu, pamoja na kiwanja ambacho si changu peke yangu, kwa deni la mwingine? Mtu akishaliandika hivyo, Biblia ina mengi ya kumwambia, maana deni, rehani na udhamini ni mambo inayoyazungumza waziwazi. Watu wengi hawajui. Wanadhani kitabu hiki ni cha mbinguni tu.

Kisha tafuta kila mahali jambo hilo linapotajwa, usichukue mahali pamoja ukakimbia napo. Ukiwa na itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno na aya yanamopatikana, tafuta "mdhamini", "dhamana", "rehani", "deni". Kama huna, muombe kasisi au katekista wenu, wengi wanayo. Na kila unapofika, soma mlango mzima. Nani anasema? Anamwambia nani? Walikuwa na shida gani?

Tuchukue hiyo "Akuombaye, mpe." Iko mwisho wa maneno ya Yesu kuhusu kisasi: jicho kwa jicho, kugeuza shavu la pili, kwenda maili ya pili. Anawatoa watu kwenye tabia ya kulipiza na kubania. Na aya yenyewe ina nusu ya pili ambayo kaka yako hakuisoma: "naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Naipenda sana tafsiri hii. Kisogo! Waliotafsiri walijua Kiswahili. (Biblia nzima ya kwanza kwa Kiunguja chetu ilichapishwa mwaka 1891, baada ya kazi ndefu iliyoanzwa na Askofu Steere akijifunza lugha kwa wenyeji wa mji huu, hii tafsiri ya Union tunayoizoea ni ya mwaka 1952.) Kumpa mtu kisogo ni kumgeuzia mgongo, kujifanya humuoni, kumkwepa njiani. Hilo ndilo umekatazwa. Na nakwambia kwa upendo, kutoka siku mume wako aliposema hapana, kisogo ndicho mlichompa. Hamjakaa naye. Hilo andiko linakudai ukae naye uso kwa uso. Sahihi ni jambo jingine.

Luka, anapoyaeleza mafundisho hayo hayo mlango wa 6, anaongeza kukopesha bila kutumaini kurudishiwa. Hapo unapata kipimo cha kazi: unachotoa kwa ndugu kiwe kile ambacho kikipotea hutamdai, hutamnunia, hutamsema kwa mawifi. Je, cherehani zako ni kitu cha namna hiyo? Kiwanja? Unajua jibu.

Nenda sasa kwenye Mithali, lakini kwa mpango. Mlango wa 6 unaanza kwa mtu ambaye ameshaweka ahadi. Anaambiwa asilale usingizi, aende akajinasue. Mlango wa 22, aya ya 26 na 27, ndio unaokuhusu wewe ambaye hujasaini: usiwe mdhamini wa madeni ya watu ikiwa huna cha kulipa, kwa nini wakuondolee kitanda chini yako? Tazama maneno "ikiwa huna cha kulipa." Halaumiwi anayesaidia. Anaonywa anayeahidi asichonacho. Kutoa ni kutoa kilicho mkononi. Kudhamini ni kutoa kesho yako, na kesho huijui.

Halafu uje Kumbukumbu la Torati mlango wa 24, aya ya 6. Hapa, mwanangu, nataka ukae sana, kwa sababu hapa ndipo nilipokuona wewe. Inasema mtu asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, maana ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Ukisoma mbio utasema, mimi sina jiwe la kusagia, nasaga mashineni. Lakini jiulize jiwe lile lilikuwa na kazi gani. Kila siku nyumba ilisaga unga wake hapo. Jiwe likishikwa, leo jioni hakuna mkate. Ukiondoa la juu tu, la chini halina maana. Sheria haikuona chombo, iliona midomo ya watoto. Sasa zunguka chumbani mwako uulize: jiwe la kusagia la nyumba hii ni lipi? Ni cherehani. Na ile ya kudarizi ndiyo inayokupa kanzu na kofia za Ramadhani, ambayo kwa fundi wa huku ndiyo mavuno yenyewe.

Hivyo ndivyo Biblia inavyomuongoza mtu wa leo katika jambo ambalo haikulitaja kwa jina. Haina aya ya mashine ya boti. Ina jiwe la kusagia, na Mungu aliyelijali.

Lakini nisikuonyeshe upande mmoja tu, nitakuwa nimefanya kama kaka yako. Wapo waliodhamini na wakafanya vyema. Yuda alimdhamini Benyamini kwa baba yao, Mwanzo mlango wa 43, na siku ilipofika, mlango unaofuata, alisimama akaomba abakishwe yeye mtumwa badala ya kijana. Paulo naye anamwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa: kama ana deni lako, niandikie mimi, nitalipa. Soma kwa makini uone wamefanana wapi. Wote wawili walijua watakachodaiwa. Wote wawili walijiweka wenyewe. Yuda hakumuweka mkewe, Paulo hakuweka kiwanja alichoshirikiana na mtu. Na wote walikuwa tayari kulipa kweli.

Ukipita Mkunazini, pale kanisa kuu lilipojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kumbuka kwamba waliomiliki watu, nchi nyingi, walikuwa na aya zao pia. Walishika "watumwa, watiini bwana zenu" na wakaiacha barua hii fupi inayosema mpokee si kama mtumwa tena, bali ndugu mpendwa. Mtu akikuletea aya moja kukusukuma, hata akiwa kaka uliyekula jasho lake, muombe msome na zilizo jirani yake.

Tumefika kwenye hesabu, na usidhani hapa tumetoka kwenye Biblia. Luka 14 inasema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Ketini. 590,000 mara miezi 18 ni shilingi 10,620,000. Wewe hukuniambia unapata kiasi gani, lakini andika pato la miezi sita iliyopita, mwezi mbaya na mwezi mzuri, uone kama kuna hata mwezi mmoja ungeweza kulipa rejesho hilo na watoto wakala. Mdhamini si shahidi wa harusi. Mkopaji akikwama, wewe ndiye mlipaji.

Na kaka yako ahesabu yake, kwa sababu dagaa wana kalenda yao. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaa angani boti hulala. Kusi likishika, bahari inachafuka, kuna siku hata giza halisaidii. Bei nayo inapanda na kushuka na wanunuzi wa dagaa wakavu, hasa wa Kongo, wakija au wasije. Rejesho halijui mwezi mwandamo. Kaka yako si mvivu wala mdanganyifu, hata kidogo sijamfikiria hivyo. Mtu aliyelipa boti kidogo kidogo mpaka ikawa yake ni mtu wa kuaminika. Lakini mtu mwaminifu kabisa anaweza kushindwa na bahari.

Kwa hiyo maoni yangu, na nayasema wazi kwa kuwa umeniuliza: usisaini fomu hiyo. Cherehani zisiingie. Kiwanja hakiwezi kuingia bila mume wako, na yeye ameshasema.

Ila usiishie kwenye hapana. Kaa kwanza na mume wako, usimwendee na aya mkononi kama kaka alivyokujia. Mwambie habari za sare, pengine hajawahi kuzisikia zote. Muulize: tunaweza kutoa kiasi gani ambacho hatutakidai? Kama unacheza upatu na zamu yako iko karibu, labda nusu yake. Hata shilingi 300,000 zilizotolewa kwa moyo mweupe zinapunguza mkopo. Kisha mwende Kama wote wawili. Mchague siku za mbalamwezi, boti zikiwa juu, maana mtu anayesubiri giza liingie atoke hana masikio.

Ukimkuta, anza na shukrani kabla ya fedha. Mwambie: "Kaka, nilisoma kwa sababu yako, na hilo sitalilipa mpaka nife. Lakini cherehani ndizo boti yangu. Wewe usingeweka boti yako rehani kwa deni langu ukawaacha wanao." Halafu nyamaza, umuache aseme. Akikasirika, akasirike. Mkiweza kuzungumza, mshauri aulize kama wakopeshaji watakubali mashine yenyewe iwe dhamana, au aanze na mashine ndogo iliyotumika, au aingie ununuzi huo na mabaharia wawili wanaomfahamu, wagawane na mapato. Aulize pia kama rejesho linaweza kufuata misimu. Hayo ni maswali anayoweza kuyauliza kesho asubuhi. Na mtakachompa, kiandikeni kuwa ni zawadi, msiache maneno yaning'inie.

Umeuliza utajuaje kweli kwamba umeongozwa. Sina alama ya kukupa. Mimi hujipima hivi: je, nimesoma na yale yasiyonipendeza? Je, kuna mtu mwenye busara niliyemficha jambo hili kwa kuogopa atakachosema? Je, uamuzi wangu ningeweza kuusoma kwa sauti mbele ya yule utakayemuumiza? Nikijibu hayo bila kukwepa, huwa nalala, hata kama jambo lenyewe bado ni gumu.

Kwa siku za mbele usingoje dhiki ndipo ufungue. Mithali ina milango 31. Wengi husoma mmoja kila siku, kwa tarehe ya mwezi. Ukikutana na neno gumu kwenye Union, linganisha na tafsiri ya Habari Njema, Kiswahili chake ni chepesi. Soma na mumeo ikiwezekana, hata kwa dakika kumi, watoto wakishalala. Jambo likija litakukuta umeshazoea sauti ya kitabu.

Na barua kwa Filemoni uimalize kabla hujapanda daladala ya kwenda Kama. Ni aya 25 tu, unaweza kuisoma huku unangojea pasi ipate moto.